Fundi wa Ketterby afuta jina la kaka yake

Saa kumi na mbili asubuhi, Orpha Lindqvist yuko juu ya ngazi penye njia ya kuingilia mji wa Ketterby, Nebraska, msasa mkononi. Mbele yake ni ubao wa kukaribisha wageni, wenye majina saba ya wana wa mji waliovuma: wanamichezo watano, mchekeshaji mmoja na mpiga gitaa. Leo anafuta la nne. Ni la Delmar, kaka yake.

"Mkono unakataa," anasema bila kugeuka.

Orpha, mwenye umri wa miaka 68, ndiye fundi pekee wa maandishi aliyebaki hapa. Alipoanza kazi, Ketterby ilikuwa na watu 2,100. Leo wako 640. Majina yote saba ameyaandika yeye.

Ubao una nafasi saba tu, na kwa desturi ya mji marehemu hafutwi. Sasa msichana wa hapa, Brenna Stolz, amevuma kwa nyimbo za kantri. Ili apate nafasi, halmashauri ilitafuta aliye hai kati ya wale saba. Ni Delmar peke yake.

Delmar, 81, alicheza ligi kuu ya besiboli msimu mmoja, mechi kumi na moja, bega likamsaliti. Asubuhi hii ameketi kando ya barabara na kikombe chake cha kahawa.

"Ningewahi kufa Ijumaa, kabla halmashauri haijakutana, jina wangeliacha!" anatania.

"Funga domo, Delmar."

"Haya, futa. Polepole lakini, usiniparue."

Halmashauri ilitaka kuleta fundi wa mji jirani, Delmar akakataa. "Aliyeniandika ndiye anifute," alisema mkutanoni, na hakuna aliyebisha.

Orpha hakupokea malipo. Kazi hii inamuuma, wala hafichi. Herufi ya kwanza inapotoweka anashuka, anafuta machozi kwa mkono wa shati, kisha anapanda tena.

"Brenna ana sauti, aandikwe," anasema. "Sina kinyongo na mtoto wa watu."

Septemba Orpha atasimama kwenye mkutano wa mji kuomba ubao uongezwe mstari mmoja, ili jina la Delmar lirudi. Mbao ameshazikata. Majirani wanamshauri asubiri: Delmar akifariki, watu watamwonea huruma na kukubali.

"Hicho ndicho ninachokiogopa," anasema Orpha. "Jiwe la kaburi nitamwandikia, lakini hilo hatalisoma. Ubao huu nataka ausome mwenyewe."