Boti ya Kijani Tuliyoinunua Sotik

Siku rafiki yangu aliponiambia, "Wewe umesoma, wewe ndiye utachagua," ilinipasa kukataa. Nilikuwa sijawahi kupanda boti maishani. Ziwa nililijua kwenye ramani ya shule, limepakwa rangi ya buluu. Yeye alizaliwa kando ya ziwa hilo, mtoto wa mvuvi, na alijua kufuma wavu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini mimi nilikuwa karani wa ofisi katika shamba la chai, nilivaa soksi ndefu, nilizungumza Kiingereza na meneja. Nikajibu sawa, nitachagua. Nilijibu haraka, tena kwa furaha, na hapo ndipo nilipokosea kwanza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Shamba letu lilikuwa upande ule ambao milima ya Kericho inaanza kushuka kuelekea Sotik, mahali ambapo baridi hupungua kidogo na mahindi hukomaa mapema. Chini ya kiwanda kulikuwa na bwawa lililochimbwa kwa ajili ya maji ya mashine. Meneja alikuwa ametia ngege humo miaka kadhaa nyuma, kisha akawasahau. Samaki wale walizaana mpaka wakawa wengi kupita chakula chao, wakaanza kudumaa. Nilipomwomba ruhusa ya kuvua Jumamosi mchana na Jumapili baada ya kanisa, meneja alicheka, akaniandikia kibali kwa jina langu. Sharti lilikuwa moja: mtu yeyote asife maji kwenye bwawa lake.

Rafiki yangu alifanya kazi kiwandani, ya kupaka mashine mafuta na kukaza mikanda yake. Tulifahamiana kwa sababu ya baiskeli yangu. Ilikuwa ikiharibika kila wiki, naye alikuwa akiitengeneza na kukataa malipo, kwa hiyo mimi nikawa namwandikia barua za kwao. Kila barua ilimalizika kwa maneno yale yale: atarudi nyumbani akiwa na cha kujengea. Hakutaka kuzeekea katika laini za shamba, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na moshi wa jirani. Alitaka boma lake karibu na maji. Alikuwa ameweka akiba miaka minne, na akiba hiyo ndiyo aliyoleta kwenye boti, yote. Mimi nilileta pungufu ya yake, na nilikuwa na mshahara wa mwezi uliofuata. Yeye hakuwa na kitu kingine.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Laini zilijaa watu kutoka Nyanza na upande wa magharibi waliotamani samaki kama mtu anavyotamani nyumbani. Sisi Wakipsigis wakati ule hatukula samaki. Mama yangu aliwaita nyoka wa majini, na aliponisikia nikitaja boti aliuliza kama nimeishiwa ng'ombe wa kufikiria.

"Mama, ni biashara tu," nikamwambia.

"Basi biashara hiyo ioge kabla ya kuingia kwangu," akasema.

Mtumbwi wa mbao haungefaa. Kuuleta kutoka ziwani mpaka juu huku ni mzigo wa lori zima, na rafiki yangu aliogopa kwamba mbao zingepasuka ukikaa nchi kavu wiki nzima. Ndipo tukasikia kwamba mzungu mmoja mwenye shamba karibu na Sotik anarudi kwao, anauza vitu, na miongoni mwake kuna boti mbili ndogo za alumini. Neno alumini lilikuwa geni kwa wengi. Watu walisema chuma cha sufuria, na wakaelewana.

Tulikwenda Jumamosi moja kwa baiskeli yangu, tukipokezana kukanyaga. Mwenye shamba alikuwa ametoka. Mkewe alitupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alimwambia mpishi wake atupe chai, nayo ilikuja na maziwa mengi na vipande vya mkate vilivyopakwa siagi. Tulikula tumeketi kwenye ngazi za nyuma. Kisha akatupeleka nyuma ya zizi la kukamulia, akasema, "Tazameni," akarudi kwenye maua yake, hatua chache kutoka hapo.

Boti ya kwanza ilikuwa fupi na nyembamba, imepakwa rangi ya kijani kibichi, ina viti viwili vya mbao iliyong'arishwa. Ya pili ilikuwa pana, chini bapa kama sinia, haina rangi, na ubavuni ilikuwa na mbonyeo mkubwa kama wa sufuria iliyoangushwa na mtoto. Ile pana ingemaliza pesa zetu zote. Ile ya kijani ingetubakizia shilingi arobaini za usafiri na nyuzi za wavu.

Niliizunguka ile ya kijani polepole, mikono nyuma. Nilitazama mgongo wake kama umenyooka. Niligonga ubavu. Nilirudi nyuma hatua tano nikaitazama kwa mbali. Rafiki yangu alikuwa amechuchumaa, ananitazama mimi.

"Omera," akasema, akiniita ndugu kwa lugha ya kwao, "unanunua mtamba?"

"Natazama umbo."

"Uliza basi mama yake alitoa maziwa kiasi gani."

Nikacheka, naye akacheka, mpaka yule mama akainua kichwa kwenye maua. Kisha rafiki yangu akaacha mzaha. Aliweka kiganja juu ya ile boti mbaya yenye mbonyeo.

"Chukua hii. Wavu unavutwa kutoka upande mmoja, na watu wawili huinamia upande huo huo. Ile nyembamba italala. Hii haitalala hata ukicheza ngoma ndani."

"Imebonyea."

"Imebonyea, haijatoboka. Ile yako ina rangi. Kwa nini mtu apake rangi chuma kisichoshika kutu?"

"Ipendeze."

"Haya. Basi tuzijaze maji zote mbili. Debe lile pale, bomba lile pale. Tukiinua boti kwenye magogo na kutia maji ndani, tutaona kama yanatokea chini. Kwetu ndivyo tunavyofanya, hata kama muuzaji ni mjomba."

Nilitazama kule kwenye maua. Nililelewa kwamba ukishakunywa maziwa ya mtu, hushiki tena kiwele cha ng'ombe wake mbele ya macho yake kutafuta kasoro. Unakagua kabla ya kukaribishwa, au unanyamaza. Baba yangu alinunua hivyo, na wajomba zangu, na wauzaji nao waliijua aibu hiyo, kwa hiyo hawakukukaribisha maziwa wakiwa na ng'ombe mgonjwa. Sikujiuliza kama yule mama aliijua.

"Tumekunywa chai yake," nikanong'ona.

"Chai na boti zinahusianaje?"

"Ni aibu."

"Aibu itatuweka juu ya maji?" Alisimama. "Rafiki yangu, boti haina heshima. Itie maji."

"Ulisema mimi nichague."

Alinitazama kidogo, akafuta mikono kwenye suruali. "Nilisema," akajibu. Nikaenda kumlipa yule mama kwa ile ya kijani, nikamshukuru kwa Kiingereza kirefu.

Lori la unga lilitubebea boti mpaka Kaplong. Kutoka hapo tuliigeuza kifudifudi, tukaibeba vichwani, yeye mbele, mimi nyuma nikisukuma na baiskeli kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi kweli. Wanawake waliotoka sokoni walisimama kando ya barabara.

"Nani amekufa?" mmoja akauliza.

"Mzungu," mwenzake akajibu. "Wao huzikwa kwa sufuria."

"Ni njaa yenu," rafiki yangu akasema kutoka chini ya boti. "Tunakwenda kuizika."

Walicheka mpaka tukapinda kona. Nilicheka pia, na nikikumbuka mwendo ule bado nacheka. Jua lilikuwa likishuka juu ya chai iliyotoka kuchumwa, tambarare kama meza, na sauti ya rafiki yangu ilirudi kwangu kupitia tumbo la boti kana kwamba yumo ndani ya mtungi. Alikuwa akiimba wimbo wa kwao. Hakuwa ameninunia.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Nasema hivyo bila kusita. Alifuma wavu mwenyewe, jioni kwa jioni, kamba imefungwa kwenye mguu wa kitanda changu. Jumamosi saa nane tulikuwa majini. Alinifundisha kupiga kasia bila kurusha maji, na kukaa kimya. Nilijifunza kwamba bwawa lina njia zake kama malisho, na kwamba ngege hupenda upande wenye majani baada ya mvua. Watu walitungoja ukingoni na sahani zao. Jumapili moja mke wa jirani yangu alinikaangia samaki, nikala nikiwa nimefumba macho, kisha nikala wa pili nimeyafumbua. Sikumwambia mama yangu mpaka alipozeeka.

Lakini boti ilivuja. Ilivuja tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza nilisema ni maji ya makasia. Siku ya tatu rafiki yangu aling'oa kiti cha nyuma, akakwangua rangi ya kijani kwa kisu, na chini yake tukaona lami. Boti iliwahi kugonga jiwe. Misumari ya uti wa chini ilikuwa imelegea kwa urefu wa mkono mzima, na mtu alikuwa ameziba kwa lami na kuficha kwa rangi. Fundi wa bati pale Kaplong aliigeuza, akaipuliza moto, akatikisa kichwa. Chuma hiki hakishiki risasi ya kuchomelea, akasema, hata ukikibembeleza.

Tukawa tunaziba kwa lami kila baada ya wiki mbili. Na kwa kuwa boti ililala kila tulipovuta wavu, ilibidi mmoja akae upande wa pili na mkebe, akichota maji na kuyamwaga, huku mwenzake akivuta peke yake. Yeye ndiye aliyevuta. Tulipata nusu ya samaki ambao tungepata. Hakuwahi kunikumbusha lile debe na lile bomba. Alinitania tu: "Chota, karani, andika na idadi ya mikebe." Mimi nilikuwa sijasema hata siku moja kwamba nilikosea. Nilikuwa nikingoja siku inayofaa.

Siku ile ilikuja bila kunifaa. Meneja alishuka bwawani Jumamosi moja akiwa na mgeni wake, akatukuta tunatua, maji ndani ya boti yamefika vifundo vya miguu. Uso wake ulibadilika. Aliniuliza kwa Kiingereza ni nani aliyenunua takataka hii, na kama nataka kumletea maiti.

Nilikuwa nimesimama kwenye tope mbele ya mgeni, soksi zangu zimelowa. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba aliyechagua ni mwenzangu, kwa kuwa ni mtu wa ziwani, nami nikamwamini.

Meneja alimgeukia rafiki yangu, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe mtu ya ziwa, hapana jua boti? Macho yako iko wapi siku ya kununua hii?"

Rafiki yangu alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ilikuwa ndefu, niliweza kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye wavu.

"Ni kosa, bwana," akasema.

"Boti hii hakuna rudi ndani ya maji. Wewe pia."

"Ndiyo, bwana."

Walipoondoka alianza kukunja wavu. Nikamwambia nitakwenda kwa meneja Jumatatu, nimweleze vizuri.

"Utamweleza nini?"

"Kwamba tulichagua pamoja."

"Pamoja," akasema, akaendelea kukunja. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

Jumatatu sikwenda. Wala Jumanne. Kulikuwa na nafasi ya ukarani mkuu wakati ule, na nilijiambia kwamba meneja hapendi mtu anayebadilisha maneno. Nafasi hiyo nilipewa, na niliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja.

Tiketi yake ya kazi ilipokwisha hakuiendeleza. Alikwenda kuandikwa kwenye mashamba ya miwa, aanze akiba upya. Asubuhi aliyoondoka nilimpelekea pesa, kiasi nilichokuwa nimekusanya kumrudishia akiba yake. Alizirudisha kwenye mkono wangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kama mtu anavyomfanyia mtoto.

"Baki nazo, na boti pia," akasema. "Baiskeli yako nimeikaza mnyororo. Usikanyage kwa nguvu kwenye kilima."

Boti niliibeba nyumbani, mke wangu akaiweka zizini, ng'ombe wakalambia chumvi humo miaka mingi. Nilifanikiwa. Nilipanda chai yangu mwenyewe, nikasomesha watoto, na sina ugomvi na siku zangu. Nilimwandikia barua mbili, za habari za kazi na mvua. Ile ya tatu, ya kusema kwamba mimi ndiye niliyechagua, na mimi ndiye niliyesema uongo pale kwenye tope, niliianza mara nyingi, nikapata habari za kifo chake kabla sijaimaliza. Nimekaa na watu wengi wema tangu wakati ule, kanisani na sokoni, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwita rafiki kama yule. Nilikuwa naye mmoja, nikamtoa ili meneja asinione mjinga.