Siku Niliposafiri na Sukari Mbele ya Wakwe

Jamani, haya mengine mtu huyasema amejifunika uso, maana hata leo nikipita Akheri, kijijini kwa wakwe zangu, nainamisha kichwa. Ugonjwa wangu mnaujua: nikisikia neno tu, akili inaondoka kwenda kulitafuta lilikozaliwa (wenzangu wanaota magari, mimi naota maneno).

Basi tulikwenda kumposa Neema, mimi na mjomba Elibariki, ndiye mshenga. Tangu tulipotoka nyumbani Lemara mjomba alinionya mara tatu, "Kwenye posa anasema mshenga. Wewe ni bubu, umenielewa?" Nikamwelewa kabisa. Tukakaribishwa sebuleni, nje ukungu wa mlimani umeshukia migomba, chai ya maziwa inafuka, nami nikawa nusu nipo nusu sipo, na raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Baba yake Neema akaanza taratibu, "Binti yetu tumemsomesha. Hili neno shule walituletea Waingereza, lakini..."

Ningenyamaza tu! Nikasikia sauti, kumbe yangu: "La Wajerumani hilo, mzee."

Maji nimeshayavulia nguo, nikayaoga. Nikanyanyua bakuli la sukari, nikawaeleza jinsi neno sukari lilivyotoka Uhindi, likapita Uajemi, likalala Uarabuni, kisha mguu mmoja ukaja kwetu na mwingine ukaenda Ulaya, na nilikuwa nauona msafara wenyewe, ngamia na vumbi lake. Nilipozinduka chai imepoa na mjomba kashika kichwa.

"Kumbe msemaji mnaye," mzee akasema polepole. "Sasa mshenga wa nini? Rudini nyumbani mkakubaliane."

Nililia njia nzima, sifichi. Neema hakupokea simu yangu wiki mbili.

Mwezi uliofuata tukarudi, midomo nimeibana. Mjomba akasema vizuri, wazee wakaitikia vizuri, mpaka mzee akanigeukia mimi (hapo ndipo desturi inamtaka muoaji ajibu mwenyewe): "Kijana, binti yetu unampenda?"

Nikanyamaza. Akarudia. Mjomba akanikonyeza, nikadhani ananionya, nikazidi kubana.

Neema akatokea mlangoni mwa jikoni, machozi yanamlenga. "Yaani sukari uliisemea nusu saa, mimi huna hata neno moja?"

"Nampenda!" nikapiga kelele mpaka vikombe vikatikisika, na wazee wakacheka hadi wakajifuta macho.

Alinikubali, namshukuru Mungu. Ila nimeapa: maneno yanichukue yanakotaka, lakini Neema akiniuliza kitu, kwanza namjibu yeye.