Mpunga Uliolimwa Sebuleni

Mama tulimleta Johannesburg abaki. Nalisema mapema ili mtu asidhani alikuja kutembea. Baba alikuwa amefariki, nyumba ya Ifakara imebaki na mama na kuku, na kaka yangu mwenye duka mjini akasema halali akimfikiria mama peke yake kule shambani. Nikamwambia mlete kwangu, tena kwa sauti ya mtu mwenye ghorofa. Ukweli ni kwamba tuna chumba na sebule nyuma ya nyumba ya watu, huku mtaa wa La Rochelle, na sebule yenyewe ni ya namna ambayo mume wangu akipiga chafya pazia la jikoni linafunguka lenyewe.

Mama alikubali kwa sharti moja: apandikize mpunga kwanza. Akapandikiza majaruba yote, akamkabidhi kaka shamba, akapanda ndege. Matope niliyoyaona kwenye kucha zake pale uwanjani yangetosha kuotesha kitalu.

Lakini tatizo la sebule yetu halikuwa udogo. Lilikuwa ukwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakai mkeka mmoja. Mmoja hali mbele ya mwenzake, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Mume wangu ni Mkongo wa Lubumbashi, na kwao ni hivyohivyo, labda kali zaidi. Kijijini desturi hiyo ni nzuri, kwa sababu njia ya kupishana ipo. La Rochelle utapishia wapi? Mume wangu ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye maghala ya Jeppestown, anarudi asubuhi mama akinywa chai. Akiingia sebuleni, mama anahamia chumbani. Akitaka kulala chumbani, mama anahamia jikoni. Mimi nakwenda zangu kwenye cherehani, nao nawaacha wanazungukana kama sayari nilizofundishwa shule ya jioni, kila moja na njia yake, na jua lao ni jiko la umeme. (Shule hiyo nilisoma baada ya kazi, nikapata cheti cha matriki, cha kumaliza sekondari, katika umri wa kuweza kumzaa mwalimu. Ndiyo maana nazitaja sayari kila ninapopata nafasi.)

Mama alinyamaza. Si kununa, alinyamaza tu kama redio isiyo na betri. Chakula alikuwa anakigusagusa.

"Wali huu wa nani?" aliniuliza siku moja.

"Nimepika mimi, mama."

"Wewe sikulaumu. Nauliza mchele ulilimwa na nani."

"Umetoka Thailand."

"Na huko hawana pua?"

Kweli hauna harufu. Ukiumwaga sakafuni unaruka kama goroli. Nilicheka, yeye hakucheka. Akaanza kusema maneno yanayoanza na "nikirudi", na kila "nikirudi" moja ilinichoma. Nikamwambia mume wangu, huyu mama tutampoteza. Akasema, "Eish, na mimi nifanye nini? Siwezi hata kumpitia mbele."

Mume wangu ana mashine ya michezo, anacheza kidogo akitoka kazini ili usingizi uje. Wakati huo alikuwa amepata mchezo wa Wajapani. Unaye binti wa mbinguni, mungu wa mavuno kabisa, lakini mvivu, amekulia kwenye kula tu. Anaharibu mambo huko juu, anatupwa kisiwani kwenye mashetani pamoja na watu wachache maskini, na anatakiwa kulima mpunga. Si kwa kubonyeza mara moja ukaota, hapana. Unachagua mbegu, unalima, unapandikiza mche kwa mche ukirudi kinyumenyume, unafungua maji, unafunga maji, unapalilia, unavuna kwa mundu, unaanika, unapura, unatwanga. Mpunga ukiwa mzuri, binti anapata nguvu za kupigana na mashetani. Ukiwa mbaya, anapigwa. Binti wa mume wangu alikuwa anapigwa na kila kitu. Mtu wa Lubumbashi anakula bukari, ugali wao, mpunga ataujulia wapi?

Jumapili moja nilikuwa nyumbani. Mume wangu anacheza, mama yuko jikoni nyuma ya pazia. Nikaona kidole kinalisogeza pazia.

"Hayo maji ni ya wapi?"

"Ni mchezo, mama. Kuna binti analima mpunga."

Kidole hakikutoka. Kisha: "Mwambie huyo binti maji yamezidi."

Mume wangu alikuwa hatua mbili kutoka pale, masikio anayo mawili, amesikia. Lakini desturi ni desturi. Nikageuka, nikamwambia, "Mama anasema maji yamezidi."

"Mwambie mama huyo binti anashukuru," akajibu, macho kwenye televisheni. "Anapunguza."

Basi ndivyo walivyolipata la kufanya. Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja, na baada ya Jumapili mbili hivi walinifukuza kazi. Mama aliweka kiti mlangoni mwa jikoni, pazia likiwa nusu, akawa anamsemesha binti moja kwa moja. Na binti alikuwa anajibu kwa sauti nzito ya mlinzi wa maghala.

"Binti, unapandikiza kama unatupa maganda ya karanga. Acha nafasi."

"Binti amesikia, mama."

"Mikono mirefu, kazi hana."

"Binti alikuwa kazini usiku mzima, mama. Amechoka."

Mama akasema, "Basi binti apumzike. Mpunga haukimbii."

Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Nilisimamisha pasi hewani, maana lilikuwa neno la kwanza la upole kati ya watu wale wawili tangu dunia iumbwe.

Msisikie hivyo mkadhani mama alijua yote. Alikataa katakata mbolea ya chooni ambayo mchezo ule unaitaka, akasema chakula cha namna hiyo haingizi mdomoni, hata kama mdomo ni wa televisheni. Akaamuru pia maji yatolewe mapema. Mwaka ule wa mchezo tulivuna mpunga mbaya hadi mashetani walituonea huruma. Mama akatazama, akasema ardhi ya wenzetu si ya kwetu, binti afanye anavyojua. Mume wangu akatia mbolea yake, na mama akageuza uso mpaka alipomaliza.

Kilichomsumbua zaidi ni uungu wa yule binti. "Mungu gani analima?" alimuuliza. Binti akaeleza, kwa sauti ileile nzito, kwamba kwao mbinguni wanakula kinachotolewa sadaka na watu wa chini, na yeye alikuwa anakula bila kujua kinatokaje. Mama akalitafuna hilo.

"Basi huyo si mungu. Ni mtoto wa tajiri."

Halafu, bila kuulizwa, akasimulia kwamba bibi yake alikuwa hamruhusu mtu kuonja mchele mpya kabla ya wali wa kwanza kumwagwa kidogo pembeni ya jaruba kwa ajili ya waliotangulia. Watoto walikuwa wanasimama na njaa zao wakiangalia wali unaachiwa siafu. Mimi nimezaliwa na mwanamke huyu, nimelala mgongoni kwake, na habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nilikuja kuisikia La Rochelle, ikipelekwa kwa binti wa Kijapani.

Mama akaanza kula. Akaanza kujua majina ya watoto wa jirani. Akamwambia mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kwamba nyanya zake ni za kuchezea mpira. "Nikirudi" ikapungua, na mimi nikajisifu kazini kwamba mama yangu sasa ni mwenyeji.

Hapo ndipo mume wangu alipogundua kwamba mchezo ule umetengenezewa filamu ya katuni, ya mfululizo. Alifurahi kama aliyeokota almasi kwenye vifusi vya migodi. Jumapili akapanga kila kitu. Mama akapewa kochi, yeye akakaa chini nyuma ya kochi ili wasionane. Baridi ilikuwa imeshaanza, ile ya Johannesburg inayoingia mpaka kwenye meno, na mama alikuwa na blanketi mbili. Walikuwa wamekaa sebule moja, wao wawili, kwa hiari yao. Nikasema moyoni, imekwisha, huyu haendi popote.

Katuni ilikuwa nzuri kuliko mchezo. Mvuke wa wali ulikuwa unapanda mpaka unatamani kunusa. Binti akaingia jarubani.

"Binti, maji," mama akasema.

Binti akaendelea.

"Binti."

"Mama," mume wangu akasema taratibu, "hapa hasikii. Hii walishaimaliza yote. Hapa ni kuangalia tu."

Mama aliangalia hadi wakavuna, wakakaa kuzunguka moto, wakala. Kisha akaniomba simu. Kaka alikuwa ametuma video ya shamba asubuhi ile, nami nilikuwa sijamwonyesha. Masuke yameanza kuinama. Juu yake kwelea wanapita kundi zima, kama shuka linalokung'utwa. Na kwenye dungu, kile kichanja cha kukaa mtu wa kuwafukuza ndege, kijana wa kibarua amekaa anachezea simu.

"Rudisha," mama akasema. Nikarudisha. Akaiangalia tena, halafu akaniwekea simu mkononi.

"Na hii pia ni ya kuangalia tu," akasema. "Nataka kwenda kuamia ndege."

Nilizungumza kama wakili. Magoti yako, mama. Kaka ameshaweka mtu. Nani atakuchotea maji? Hapa umekosa nini?

"Hapa sijakosa kitu," akasema. "Ndiyo maana."

Nikamgeukia mume wangu anisaidie, kwa kuwa nilijua hakuna atakayeumia mama akiondoka kuliko yeye. Alikuwa ameinamia rimoti nyuma ya kochi.

"Huyu binti," akasema, "ana shamba lake, na ndege wameshafika. Mumuache aende."

Ilimchukua mama muda kidogo kuelewa kwamba safari hii binti ni yeye. Akajifunika mdomo kwa blanketi, mabega yakatikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka.

Nilikasirika siku mbili nzima, ambazo kwangu ni rekodi ya dunia. Nilishona mikono ya mashati kwenye shingo. Nikiwa kwenye cherehani nilimwona tena mama mawazoni, kwenye kochi letu, amefunikwa blanketi mbili, salama kabisa, kila nikirudi jioni namkuta palepale nilipomwacha. Raha ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejiletea mama wa kuangalia.

Kaka akatafuta binti wa shangazi wa kukaa naye. Mama akaondoka na blanketi zangu zote mbili. Kwenye uwanja wa ndege mume wangu alisimama mbali, nyuma ya nguzo, kama inavyompasa. Mama akaita kuelekea kwenye ile nguzo, "Binti asitoe maji mapema," akaingia zake.

Mchezo ule mume wangu aliufikisha kwenye mavuno, akausimamisha hapo. Majaruba yote ya njano, mundu mkononi, havuni. Nikamuuliza kulikoni, akasema kwao haifai mkwe kumtangulia mama kuvuna. Sidhani kama desturi hiyo ipo, hata Lubumbashi.

Ujumbe wa sauti ulikuja asubuhi mume wangu akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini, hajavua viatu. Haukuja kwenye simu yangu. Kuna debe linapigwa, kuna upepo, kuna sauti ya mama inaita watu waje na magunia, kisha imesogea karibu.

"Mwambieni binti avune."

Akawasha mashine, akakaa kochini na viatu vyake. Mimi nikaenda kuweka maji ya wali jikoni. Pazia nililiacha nusu.