Baraka ya Mujomba Yenye Nilisaga Mwenyewe

Ninaandika hii mambo juu ninasikia haya. Niliikalia kimya siku mingi, na haya haikupunguka.

Ule mwaka nilimaliza masomo ya sekondari. Mimi na rafiki yangu mumoja, mutoto wa Walikale mwenye tulikaa naye ku kiti moja ya shule, tulipanga safari ya baiskeli, ao kinga, vile tunaitaka huku. Tutatoka Masisi, tushuke Sake, tupite Goma na Rutshuru, tuingie Uganda, kisha Kenya mupaka Mombasa, tuone bahari. Kurudia, tupite Tanganyika na Ruanda. Nilichora njia yote mu kaye yangu ya shule na kalamu nyekundu. Milima sikuichora. Ku karatasi, kupanda na kushuka iko kitu moja.

Mama yangu alicheka mupaka akakaa chini.

"Mombasa! Juzi nilikutuma Lushebere kuleta mbegu ya maharagi, ukarudia unalia magoti!"

Na jirani yetu akaongeza: "Bazungu banapita na motokari, nyinyi mutapita na matako."

Nilikasirika. Nilikuwa na haraka kabisa. Kila siku yenye tulikaa, niliona kama bantu bengine batatutangulia ku ile bahari.

Karatasi ya ruhusa ya kutoka mu teritori tulikuwa nayo. Kinga mbili zilikuwa tayari, yangu ya papa, yake ya kaka yake. Pompe ya upepo iko, kole ya kubandika mipira iko. Kitu moja tu ilibaki. Kwabo na rafiki yangu, muntu haendi mbali kama mujomba wake, kaka ya mama yake, hajamupa njia. Mujomba anachukua pemba, ile udongo nyeupe ya mutoni, anapakala mutoto wa dada yake ku paji na ku kifua, anamuambia: "Enda, urudie." Kama mutoto hawezi kufika, anatuma muntu mwenye anaaminia, na mujomba anamupa ile pemba mu jani.

Rafiki yangu alikuwa na kidonda ku mguu, infirmie wa hospitali alimukataza kutembea wiki mbili. Lakini bila pemba, alikataa kutoka.

"Wewe mukristu," nikamuambia. "Nilikuona unabatizwa. Sasa unangoja udongo?"

"Kaka, maji ya padri njo ya kwenda mbinguni. Mimi ninaenda Mombasa."

Basi akanituma mimi.

Nilienda na kinga. Siku ya pili, mu pori, nikafika ku kilalo ya kamba, ile daraja yenye bantu ya Walikale banafunga na kamba ya pori juu ya maji. Mugini, ile kijiji ya mujomba, ilikuwa ngambo, kama nusu siku ya miguu. Kuvuka na kinga, hapana. Kuiacha pale, niliogopa bataiiba. Mama mumoja akavuka na ndizi ku mugongo. Nikamuambia mutoto wa dada ya ule muzee anaenda mbali, nikamuuliza njia ya kwake, akanionyesha.

"Lakini hii kinga, mama?"

"Iache, kijana. Nani atapanda hii kitu mu pori? Nyani?"

Sikumusikia. Nilikaa mupaka jua ikapita juu ya kichwa, nikageuza kinga, nikarudia.

Mu njia nikawaza: nikisema sikufika, atangoja mupaka kidonda ipone, aende mwenyewe, na mwezi mumoja utapotea. Nyumbani kulikuwa kipande ya kre, ile ya kuandikia ku tablo ya shule. Nikaisaga na jiwe. Nikafunga unga yake mu jani.

Rafiki yangu alisimama na kile kidonda, akapokea na mikono mbili.

"Alisema nini?"

"Alisema uende, urudie."

"Na macho yake? Ilikuwa inamuuma."

"Ilipona. Anaona muzuri."

Akamushukuru Mungu. Akajipakala paji, akajipakala kifua, akafunga macho. Mimi nikainama, nikashika mupira ya kinga kama vile ninapima upepo.

Kidonda ilipona. Ilibaki siku mbili tutoke, njo mujomba mwenyewe akafika kwa rafiki yangu, na mimi niko pale. Alitembea njia yote akishika bega ya bibi yake, juu macho yake ilikuwa karibu kufa. Ule mama wa ndizi alikuwa amemuambia: kijana mumoja alikutafuta, akashindwa ku kilalo.

"Mutoto wa dada yangu," akasema, "nilisikia unaenda mbali. Nikasema, kama njia inamushinda kuja, mimi nitakuja."

"Lakini papa mujomba, si ulimupa huyu rafiki yangu pemba aniletee?"

Rafiki yangu akafungua ile jani. Muzee akatia kidole, akatia ku ulimi, akatema.

"Hii haikutoka mutoni. Hii ilitoka ku shule."

Hakuna muntu alicheka. Akageuza uso upande wangu, ile macho haikunifikia muzuri.

"Kijana, uliogopa kilalo?"

"Hapana, papa. Niliogopa bataiba kinga."

"Hm."

Ningependa anitukane. Akatoa pemba yake, akatafuta paji ya rafiki yangu na vidole, akaipakala pole pole, kisha kifua. Akamuambia aende, arudie. Kisha akauliza:

"Na huyu wa kwenda na wewe, nimupakale?"

Rafiki yangu akaniangalia. Nilikuwa tayari kupiga magoti.

"Hapana, mujomba. Yeye iko na yake."

Alienda peke yake. Asubui ile alipita mbele ya nyumba yetu, akashuka ku kinga juu ya kusalimia mama yangu, na mikono mbili, vile anasalimiaka. Mimi nilikuwa ku mulango. Alipanda tena, akaenda upande wa Sake.

"Na wewe?" mama akaniuliza. "Hauendi tena?"

"Kinga iliharibika."

Ilikuwa imeegemea ukuta nyuma yangu, mipira imejaa upepo, posho ya njia imefungwa juu. Mama aliiangalia, akaniangalia, akaingia mu nyumba.