Fundi Aliyewafungia Nyuki Nje

Fundi Sindano alikuwa na ulimi mrefu kuliko uzi wake. Shule aliacha darasa la tano. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia walimu walikuwa wanamchelewesha. "Suruali yangu utazeeka wewe, yenyewe ibaki," aliwaambia wateja huku mguu unachapa cherehani. Walicheka, wakarudi, maana mikono kweli alikuwa nayo.

Nyumbani sasa. Yeye, mkewe na watoto watatu walibanana chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Ndiyo maana baba mkwe, mfuga mbuzi asiyependa maneno, alipomwonyesha kipande cha ardhi nyuma ya zizi, Sindano hakulala kwa furaha.

"Lima kwanza," mzee alimwambia. "Msimu huu nikiona kitu, utajenga. Nisipoona, nampa shemeji yako afyatulie matofali."

Sindano akapanda maboga. Jirani mmoja akamwonya kuwa kuna nzi wanaotaga mayai ndani ya boga changa, likaoza kwa funza. Umwambie fundi anayeshona hadi vyandarua habari ya mdudu! Alishona wavu wa kufunika shamba zima, mshono juu ya mshono, pindo akalifukia ardhini.

"Nzi akipenya humu, naacha ushonaji," akajitapa.

Nzi hakupenya kweli. Maboga yakatambaa, maua ya manjano yakafunguka mpaka raha. Ila viboga vyenyewe, vikifika ukubwa wa kidole gumba, vinanyauka na kudondoka. Akaongeza mbolea, vikadondoka. Akaongeza maji, vikadondoka vimelowa. Akamtukana muuza mbegu. Wiki ya tatu akamkuta shemeji yake anapigilia vigingi pembeni na kupima kwa kamba, anapiga mluzi.

Siku hiyo mkewe, ambaye ni mkunga, alipitia shambani akitoka zamu ya usiku. Akainama chini ya wavu, akashika ua moja, akashika la pili.

"Hili lenye kiboga chini ni jike. Hili la shingo nyembamba ni dume. Huu unga wake wa manjano nani anaupeleka kule?"

"Si wanalala shamba moja?"

"Baba watoto, mimi na wewe tulikaa mtaa mmoja miaka minane kabla hujanioa. Tulizaa nini?"

Sindano akaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

"Nimepokea watoto miaka kumi na miwili," mkewe akaendelea, "sijampokea aliyekuja bila baba. Maboga nayo ni hivyohivyo, ila mshenga wao ni nyuki. Na nyuki wewe umemshonea mlango."

"Nikifungua, nzi ataingia."

"Basi kazi ya nyuki fanya mwenyewe. Mapema, maana haya maua yanafumba kabla ya saa sita."

Toka siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, fundi wetu alikuwa amechuchumaa chini ya wavu. Anachuma ua dume, analimenya majani yake ya manjano, kisha anapakapaka ule unga katikati ya ua jike. Moja baada ya jingine, kiuno kinamuuma kuliko siku ya kushona sare za shule.

Shemeji akamchungulia. "Fundi, siku hizi unaozesha maboga?"

"Cheka tu, shemeji. Hata wewe hukuangushwa na upepo."

Viboga vikakaza. Vikapita kidole gumba, vikapita ngumi.

Mwisho wa msimu mzee akaja. Akahesabu ishirini na matatu, akabonyeza moja kwa ukucha, akaguna.

"Mimi nina mbuzi majike kumi na beberu mmoja," akasema. "Ungeniuliza tu."

"Nilikuwa najua, baba. Nilikuwa nahakikisha."

Mzee akaenda kung'oa vigingi vya mwanawe kimoja kimoja, akaja kumkabidhi mkwewe pamoja na kamba.

"Pima vyumba. Viwili, wajukuu wangu wapate pa kulala."

Msimu uliofuata wavu ulikuwa na mlango wa kukunja: asubuhi maua yakiwa wazi unafunguliwa nyuki waingie, mchana unafungwa, nzi abaki nje. Sindano huwaambia wateja kwamba huo ni uvumbuzi wake mwenyewe. Mkewe, akiwa karibu, hukohoa.