Mahali pa Kutupa Kioo

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, nilirudi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kupalilia kaburi la nyanya yangu. Kazi ilipomalizika sikupanda gari mara moja. Nilipita nyuma ya safu ya nyumba tulimokuwa tukikaa, nikitafuta shimo la takataka. Sikuliona. Mahali pale pamejengwa nyumba ya udongo yenye mlango wa buluu, na mwanamke kijana alikuwa ameanika mahindi uani.

"Mama, unatafuta nani?" akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu.

Nikamwambia simtafuti mtu. Ningemwelezaje, rafiki yangu, kwamba mtu mzima nimetoka Lilongwe nikaja kusimama pale kulitafuta shimo la taka?

Tulifika Malawi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na miaka sita. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mama yake mama, ambaye nilimwita Koko kama watoto wengi wa Bukavu wanavyowaita nyanya zao. Huko Bukavu Koko alikuwa akiwafundisha wasichana ushonaji kanisani. Alikuwa na tabia ya mafundi wa cherehani: kipande cha kitambaa hakitupwi mpaka kimekataa kazi zote. Basi tulipopewa chumba na sebule ya udongo, na tukaonyeshwa shimo moja la kutupia taka za nyumba kumi, Koko alilitazama lile shimo, akatazama kilichokuwa ndani yake, akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Kila kintu iko na fasi yayo," yaani kila kitu kina mahali pake.

Tangu siku hiyo sikuwahi kutupa kitu bila kufikiri. Asubuhi nilianza na majivu. Niliyachota kwenye babula, lile jiko la makaa ambalo Wamalawi wanaliita mbaula, nikaweka konzi mbili kando za kusugulia sufuria, na yaliyobaki nikayamwaga chooni ili yaue harufu. Maganda ya viazi na ndizi, mashina ya mboga ya lengalenga, pumba zilizoingia wadudu, vyote vilikwenda kwenye lundo kando ya bustani yetu ndogo. Koko aliliita fimye, kwa Kifaransa chake cha shule, na alilifunika majani makavu kama anayemfunika mtoto mchanga. Ukiingiza mkono ndani asubuhi za baridi za mwezi wa sita, ulikuta joto. Mimi na watoto wenzangu tulikuwa tukipasha vidole pale kabla ya kwenda shule, na mpaka leo nikisikia harufu ya udongo wenye majani yaliyooza, vidole vyangu vinakumbuka.

Makopo ya mafuta yalikwenda kwa jirani yetu Mrundi, fundi wa bati. Alikuwa akigonga tangu jua linachomoza, ko-ko-ko, tukawa tunamtania kwamba anamwita nyanya yetu. Naye alikuwa akiitikia, "Namwita, lakini anakuja na makopo tu, hajawahi kuniletea bugali." Koko akisikia alicheka mpaka anashika kiuno. Kutokana na makopo yetu jirani alitengeneza babula, vikwaruzo vya mihogo, taa ndogo za utambi. Vyuma vilivyomshinda alivitia gunia na kuvipeleka Lilongwe, kule Kanengo, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mifuko ya nailoni, ambayo sisi tunaiita sashe, Koko aliiosha na kuianika kwenye kamba pamoja na nguo. Hilo lilinitia aibu sana. Watoto walikuwa wakipita wanaimba kwamba kwetu tunafua mifuko kwa sababu hatuna nguo. Nikalia darasani. Mwalimu wetu, Mmalawi mpole aliyependa miti kuliko watu, akaniuliza kuna nini, na baada ya shule akaja hadi nyumbani. Alisimama mbele ya ile kamba muda mrefu, kisha akamwomba Koko mifuko yote aoteshee miche ya shule. "Zikomo, agogo, zikomo kwambiri," alisema, akimshukuru na kumwita nyanya kwa lugha ya kwao, akipiga magoti kabisa. Wale waimbaji walitumwa wenyewe kuja kuichukua. Koko aliwapa kila mmoja kiazi cha kuchemsha.

Siku moja jirani alituchukua mimi na Koko hadi Lilongwe, atusaidie kutafuta utambi na nyuzi. Nyuma ya soko tulikuta mlima wa taka unaofuka moshi: maganda, nguo, chupa, mzoga wa mbwa, vyote pamoja, na wanawake wameinama juu yake wanachokonoa kwa vijiti. Mmoja wao alikuwa amejifunga kitambaa kwenye kiganja, kimelowa damu. Koko alifunika pua kwa kitenge chake.

"Angalia," aliniambia. "Bantu ya muji banatupa kila kintu fasi moja, sawa vile hakuna mutu atakuja nyuma yabo."

Kwa hiyo vigae vya vioo na betri zilizokufa vilikuwa na kopo lao. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga lenye mfuniko, lililokaa kwenye kona nyuma ya mlango. Likijaa, jirani alilimwaga ndani ya choo cha zamani kilichoachwa, akafukia. "Kioo njo haina rafiki," alikuwa akisema Koko. "Haiozi, haiungui, haisahau." Hakuna sheria aliyoirudia zaidi kuliko hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipokivunja kioo cha taa. Ilikuwa taa ya mafuta ya kuning'iniza, mama alikuwa ameinunua kwa taabu kubwa, na kwa mwanga wake jioni Koko alikuwa akishona nguo za watu. Siku hiyo ya Jumamosi wote walikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Niliosha kioo masizi kwa majivu na maji, mikono inateleza, kikaniponyoka kwenye jiwe. Hakikupiga hata kelele kubwa. Kilisema *ka*, basi.

Ningeweka vigae kwenye kopo, Koko angeviona. Kila kitu kilichoingia kwenye kopo lile alikijua. Ningevipeleka shimoni, watu wangeniona. Nilizunguka uani navyo kwenye upindo wa sketi, mwishowe nikapiga magoti kwenye fimye, nikafukua kwa mkono hadi kwenye lile joto, nikavizika, nikarudishia majani vizuri.

Koko aliporudi nikamwambia nilikianika nje kikaibwa.

Aliigeuza taa mikononi. Kisha akasema, "Aliyeikamata alikuwa na lazima nayo kupita siye." Hakumshuku mtu, hakuuliza kwa jirani yeyote. Jioni alisogeza kiti mlangoni ili amalizie mishono kabla jua halijazama, na mimi nikajua kwamba uongo wangu umemeza saa zake za kazi. Niliapa nitasema kesho. Kesho ikapita. Ukiwa mtoto, rafiki yangu, unadhani neno lisilosemwa linaoza lenyewe kama ganda la ndizi.

Mvua zilipokaribia, Koko akaanza kugeuza fimye ili tuipeleke bustanini. Alivua ndala zake asizichafue. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni, hatua kumi kutoka kwake, na wallahi nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka nilipomsikia akivuta pumzi.

Alikuwa amekaa chini, ameshika wayo wa kushoto. Damu ilipita katikati ya vidole vyake. Nilikimbia, nikasimama mbele yake bila kujua la kufanya. Alichomoa kile kigae mwenyewe. Akakifuta kwa kidole gumba, akakiinua juani. Kilikuwa chembamba, kimepinda, na upande mmoja bado una masizi. Hapakuwa na kioo kingine cha namna hiyo kwetu. Alinitazama. Nilitazama chini.

"Uniletee kitambaa," alisema. "Na usiikanyage hapa. Iko ingine."

Aliagiza nimlete jirani, na jirani akapepeta lundo lote kwa wavu wa chuma mpaka akapata vipande kumi na vitatu, akavitia kopo. Hata huyo jirani, Koko hakumwambia vimetoka wapi.

Koko alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mimi nilijua tu kwamba hanywi chai tamu. Sikujua kwamba mguu wa mgonjwa wa sukari haupendi jeraha. Wiki ya kwanza alichechemea. Wiki ya tatu kidole kilikuwa cheusi, na chumba chetu kilikuwa na harufu ambayo sitaieleza. Walimfunga, wakamchoma sindano, wakambadilishia dawa zahanati ya kambi, wakajitahidi. Mwishowe gari likampeleka hospitali Lilongwe, mama akaenda naye, na mimi nikabaki kwa mke wa jirani. Siku zile nilitenga taka kama mwendawazimu. Nilichambua shimo lote la nyumba kumi kwa mikono yangu. Mke wa jirani alinikuta humo ndani, akanivuta kwa mkono, akaniogesha kama mtoto wa miaka miwili.

Walimkata mguu chini ya goti.

Mama alikuja kunichukua nimwone. Ilikuwa wodi ndefu, madirisha yamefunguliwa, inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Koko alikuwa amekuwa mdogo. Shuka ilikuwa na umbo la mguu mmoja, na upande wa pili imelala bapa. Mama alipotoka kutafuta maji, nilishika ukingo wa kitanda.

"Koko," nilisema, "kile kioo cha taa..."

"Mi najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya damu."

"Mbona hukuniambia?"

Alinyoosha mkono akanishika kidevu. "Nilikuwa nakungojea. Nilisema, acha akuje yeye mwenyewe, na kinywa chake." Akapumzika kidogo. "Kuvunja si kintu, mwanangu. Mi nimevunja bioo mingi. Lakini uliifichaka fasi bantu banakanyaga. Njo ile kosa. Usirudie tena."

"Sitarudia."

"Basi imekwisha. Pangusa mafua."

Nililia juu ya shuka, upande ule uliolala bapa, kwa sababu hapakuwa na cha kuumiza pale. Nikiwa bado nalia, muuguzi alikuja kumbadilisha bandeji. Alikuwa Mmalawi, mnene, mwenye sauti ya chini. Koko alimtazama akifanya kazi, akamwona anaweka pamba zenye damu kwenye ndoo moja na sindano kwenye kisanduku chake. Hilo lilimpendeza, niliona. Kisha akaniambia nimwulize kitu, kwa kuwa Kichewa changu cha shule kilikuwa kizuri kuliko chake.

"Umuulize, mguu yangu baliipeleka wapi?"

Sikutaka kuuliza. Alinibana kidole. Nikauliza.

Muuguzi aliacha kufunga. Hakucheka wala hakukunja uso. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo nadhani halikuruhusiwa, akasema, "Tunauzika, agogo. Kuna mahali pake hapa ndani ya ua. Hatutupi."

Nikatafsiri. Koko alifumba macho, akaitika kwa kichwa mara mbili tatu. "Zikomo," akasema. Halafu, kwangu, kwa Kiswahili: "Basi nimekwisha kuzikwa kidogo hapa. Sasa tutarudi Bukavu namna gani?"

Alikuwa akitania. Lakini hilo ndilo lililokuwa kweli. Mama alikuwa bado anaweka fedha na matumaini ya kurudi, na tangu siku ile sikusikia tena mtu akilitaja neno hilo nyumbani kwetu.

Koko aliishi mvua mbili zaidi. Jirani alimtengenezea gongo la mti na kulivika kiatu cha bati. Alikaa mlangoni akiniongoza kwa ncha ya lile gongo, hiki huku, kile kule, nami nilifanya kila kitu alichotaka, nimevaa mabuti ya mama yaliyonipwaya. Alikufa msimu wa baridi, asubuhi, chai ya rangi isiyo na sukari ikiwa bado ina moshi. Matanga yalipokwisha tuligawa vitu vyake. Mkasi ulikwenda kwa msichana mmoja aliyemfundisha kushona pale kambini, vitenge kwa mke wa jirani, gongo kwa mzee wa kanisani. Vikabaki viatu vya ibada: cha kulia kimeisha soli, cha kushoto kingali kipya, kamba zake hazijafunguliwa tangu ajali. Hakuna aliyevitaka. Mama alivifunga kwenye kitambaa, akaondoka navyo, na sikumwuliza amevipeleka wapi.

Miaka iliyofuata watu wa safu yetu walitawanyika. Jirani Mrundi na mkewe walipata nchi ya mbali yenye theluji, na siku waliyoondoka uani palikuwa kimya mpaka masikio yakauma. Mwalimu alihamishwa Mponela. Mama alipata mashine ya kushonea na kibaraza mjini, tukahamia Lilongwe. Hapa tunatia kila kitu kwenye mfuko mmoja na kuuacha getini, na gari likikumbuka, linapita.

Nimekuwa na walimu, wachungaji, mabosi, mume. Nimewakosea wengi na wamenisema vikali, wengine wamenisamehe haraka kabla hata sijamaliza kueleza. Sijalalamika. Lakini yule aliyejua kosa langu akiwa na kigae mkononi na damu kwenye wayo, akanyamaza wiki baada ya wiki mguu ukimwoza, ili mimi nipate nafasi ya kuja mwenyewe, na kinywa changu, huyo sijampata tena. Tangu Koko afe, hakuna mtu aliyeningojea.