Kidonge Kifuani

Swali lililoninyima usingizi wiki ile halikuwa kama nitakufa. Hilo lilikuja baadaye, na lilikuwa rahisi kidogo kwa sababu lina majibu mawili tu. Lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mwanamume ana titi, au ana kifua tu?

Nilikuwa nimepata kitu kigumu nyuma ya chuchu ya kushoto nikioga. Bafu letu kule mtaani Mbotela tunalitumia na majirani, na mlango wake haufungi vizuri, kwa hivyo mtu huoga akiimba ili ijulikane yumo. Nilipokigusa niliacha kuimba. Jirani akagonga mlango kuuliza kama nimemaliza. Nikaendelea kuimba, lakini sikumbuki nini.

Kilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Ukikisukuma kinasogea kidogo, kisha kinarudi mahali pake. Nilikisukuma hadi kikaanza kuuma, halafu nikaanza kuwaza kama kinauma kwa sababu ni kibaya au kwa sababu nakisumbua. Niliamua kutokigusa siku nzima ili nijue. Nilikigusa kabla ya chai ya asubuhi.

Chuoni nilisomea isimu na Kiswahili. Tangu nihitimu sijapata kazi, kwa hivyo nina muda mwingi wa kufikiri, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu si zuri. Nilifungua kamusi. Niliyoipata mimi ilielezea titi kama kiungo cha mwanamke au cha mnyama wa kike. Kwa mujibu wa kamusi, basi, sikuwa na mahali pa kuugulia. Nikaenda kwa simu. Simu ilisema wanaume pia hupata saratani ya matiti, ingawa kwa nadra, kisha ikaniletea tangazo la sidiria.

Ningemwambia mama, lakini mdogo wake, mama mdogo wangu, alikufa kwa saratani ya titi nikiwa shule ya upili. Nyumbani hatutaji jina hilo. Tunasema "ule ugonjwa", na hata hivyo mama akilisikia husimama na kuanza kufagia, pawe pachafu au pasiwe.

Jioni moja alirudi kutoka soko la Jericho, anakouza nguo za mitumba, akaketi kuvua viatu. Nikaona nijaribu kwa njia ya mbali.

"Mum, nasikia kitu kwa kifua."

"Si nilikwambia!"

Hakusema aliniambia nini. Mama ameniambia mambo mengi, na huwa ananiacha nichague mwenyewe. Alichemsha tangawizi na ndimu, akanivua fulana kama mtoto, akachukua dawa ya kupaka, ile inayowasha macho hata ukipakwa mgongoni, akanisugua kifua kizima kwa kiganja. Alipita juu ya kile kitu, akarudi, akapita tena. Nilibana pumzi.

"Unaona?" alisema. "Hata kupumua hupumui vizuri. Ni baridi hiyo."

Niliambiwa nilale na sweta. Nililala na sweta.

Siku ya Ijumaa pikapu yenye spika mbili juu ilipita polepole kati ya nyumba zetu. Ilikuwa ya hospitali moja kubwa. "Wakazi wa Mbotela, Jericho na mitaa jirani! Kesho madaktari wanakuja uwanjani Jericho! Presha, sukari, moyo! Akina mama, mje mpimwe matiti na mlango wa kizazi! Hakuna malipo! Wazee, msiwaachie akina mama peke yao, njooni presha!"

Nilichanganua tangazo lile kama nilivyofunzwa. Wazee: presha. Akina mama: matiti. Nilitafuta kiunganishi chochote ambacho kingenivusha kutoka sentensi moja hadi nyingine. Hakikuwepo.

Hata hivyo kesho yake nilikwenda. Mama alikuwa ameshatoka na mzigo wake alfajiri. Uwanjani palikuwa na hema la bluu na hema la waridi, na sikuhitaji kuelezwa lipi ni la nani. Msichana wa rika langu aliyevaa fulana ya hospitali alikuwa akigawa watu langoni.

"Niaje, brathe. Shida yako ni gani?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani kote. Sentensi ilikuwa kamili, ina kiima na kiarifu.

"Kifua," nilisema.

"Kifua ni moyo. Bluu."

Katika hema la bluu niliwekwa kando ya mzee mmoja aliyeniambia, kabla sijakaa, kwamba alifanya kazi viwandani hadi akastaafu na hajawahi kulazwa. Muuguzi alinifunga ule mkanda wa presha mkononi. Mashine ikakaza, ikapumua, ikaandika. Aliangalia namba, akaniangalia.

"Ulikuja ukikimbia?"

"Hapana."

"Kuna kitu unafikiria?"

Nikalifikiria swali hilo.

"Basi usifikirie," alisema, akabonyeza mashine mara ya pili. Namba ikapanda zaidi.

Mzee aliinama akaisoma. "Kijana, hii presha ni ya mtu ana plot tatu na kesi kortini. Wewe uko na nini?"

"Niko na digrii," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Ni hiyo," mzee alimwambia muuguzi. "Andika ni hiyo."

Waliniacha nitulie, wakapima tena, ikashuka kidogo. Kisha nikaitwa kwa daktari, kijana ambaye labda alimaliza chuo mwaka mmoja na mimi, tofauti ikiwa kwamba yeye alikuwa na kiti. Mzee alibaki nyuma yangu akisikiliza, kwa kuwa hema halikuwa na kuta za ndani.

"Kifua kinauma aje?"

"Hakiumi sana. Ni kwamba kuna..." Hapo ndipo nilipolitafuta neno. Uvimbe lilikuwa kubwa mno, mtu angedhani nimepigwa. Donge nalo lilikuwa la ugali. Nikachukua donge nikalipunguza kisarufi, na kwa nukta moja nikajivunia elimu yangu. "Kuna kidonge. Hapa kifuani."

Daktari aliacha kuandika. "Kidonge gani?"

"Kidogo tu."

"Nauliza ni dawa ya nini. Ya maumivu? Ya minyoo?"

"Sijui ni ya nini."

"Umemeza dawa hujui ni ya nini?"

"Sijameza."

"Sasa imefikaje hapo?"

"Vijana wa siku hizi," alisema mzee. "Huyu ameokota mahali."

Muuguzi alikwisha kuelewa, au alidhani ameelewa. Alikuja na chupa ya maji na ndizi mbivu. "Kunywa yote. Usikae ukiwa umejikunja. Ikikwama, meza ndizi nyuma yake, inasukuma." Nilikunywa. Watu waliokuwa kwenye viti waligeuka kunitazama nikinywa, na kila mmoja alikuwa upande wangu.

"Kimeshuka?"

Nafasi ya kusahihisha ilikuwa pale, wazi, na ningehitaji neno moja tu. Lakini wote walikuwa wananingoja nipone.

"Kimeshuka," nilisema.

Mzee alipiga makofi. Daktari aliniambia nipunguze chumvi, nitembee kila siku, nirudi kupimwa presha, na nisimeze dawa nisizozijua. Ulikuwa ushauri mzuri wote. Nikatoka nikiwa na ndizi mkononi, nimetibiwa kabisa kitu ambacho sikuwa nacho.

Njia ya kwenda nyumbani ilipita mbele ya hema la waridi. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mabenchi nje, na muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa ameshika titi lililofumwa kwa uzi wa sweta. Ndani yake walikuwa wameshona shanga. Lilikuwa linapita mkono kwa mkono ili kila mtu aitafute.

"Msingoje maumivu," alikuwa akisema. "Mara nyingi mwanzoni haliumi. Tafuteni kitu ambacho jana hakikuwepo, halafu mje tuangalie. Mara nyingi tunakuta si saratani. Lakini wewe huwezi kujua ukiwa kwa nyumba, na mimi siwezi kujua kama hujaniambia."

Nilisimama kando ya kamba ya hema nikijifanya namngoja mtu. Nilikuwa nimesimama hapo muda wa kutosha kutambuliwa na mama anayeuza chapati karibu na nyumba zetu. Alikuwa mwisho wa foleni.

"Wewe, si ni kijana wa yule mama wa mitumba? Unangoja nani hapa?"

"Namngoja mum."

"Mum yako? Mum yako nimemwacha sokoni sasa hivi anagombana na mtu juu ya jinzi!"

Benchi lote liligeuka.

"Amekuja kuchagua bibi," mmoja alisema.

"Achague pole pole, wengine tumeolewa."

"Mwache," alisema mama wa chapati. "Shika hii basi, usikae bure. Haiumi." Akaniwekea lile titi la sweta mkononi.

Nilibonyeza kwa vidole, upande wa chini, kisha nyuma ya chuchu. Shanga ilikuwa pale. Nikaisukuma, ikasogea kidogo, kisha ikarudi mahali pake. Vidole vyangu viliijua kabla yangu.

"Woi! Ameipata mara moja!" alisema yule aliyenitania kwanza. "Mimi nimeitafuta mpaka nikasema hawakuweka."

"Huyo amesoma."

Vijana wa kujitolea walikuwa wameanza kubeba viti vya hema la bluu wakivipanga ndani ya lori. Muuguzi alivitazama, akawageukia wanawake. "Walio kwa laini sasa ndio wa mwisho. Anayetaka kuonwa leo asimame hapa."

Mama mdogo alikuwa anasema mgongo. Miezi yote ile alisema ni mgongo unamsumbua, na mama alikuwa anamsugua kwa dawa ileile ya kupaka, jioni baada ya jioni, mimi nikifanya hesabu za shule mezani. Nilikuwa sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, mgongo wake na kifua changu. Niliyaweka pamoja pale, nimeshika ndizi mkono mmoja na titi la sweta mkono wa pili.

"Na sasa unangoja nani?" mama wa chapati aliuliza tena, safari hii bila mzaha.

"Laini inaishia wapi?"

"Inaishia kwangu."

"Basi niko nyuma yako."

Alinitazama usoni, halafu akatazama mahali nilipokuwa nimekandamiza lile titi la sweta, upande wa kushoto wa shati. Akalichukua taratibu, akampa aliye mbele yake.

"Simama vizuri basi, unaziba njia." Mtu kwenye benchi alianza kucheka. "Na wewe nyamaza," alimwambia. "Hii laini ni ya mama yako?"

Foleni ilisogea. Nilijiambia kwamba bado naweza kuondoka, kwamba kliniki zipo siku zote, kwamba labda kimepungua. Sikukigusa kuhakikisha. Mama wa chapati aliingia, akatoka, akasimama nje akijifunga leso upya, polepole, kazi ambayo haikuhitaji muda wote ule.

Nikaingia.

"Umepotea, kijana?" muuguzi aliuliza. "Presha ni upande ule, na wanafunga."

"Nimetoka huko. Nimepewa maji."

"Sasa nikusaidie na nini?"

Hema lilikuwa turubai tu. Nje walikuwa wakiongea, na nilijua kwamba nikiwasikia wananisikia.

"Nina donge kwenye titi," nilisema. "Titi langu. La kushoto."

Nikamsikia mama wa chapati nje akimwambia mtu asogee huko, asimame mbali na turubai.

Muuguzi hakushangaa. Alipangusa mikono yake, akavuta pazia, akanionyesha kitanda.

"Weka hiyo ndizi hapo," alisema, "uvue shati."

Niliweka ndizi, nikavua shati.